Kibofu cha baba kimechoka, hakijafa

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 74. Mwezi uliopita alishindwa kabisa kukojoa. Hospitalini wakamwekea mpira, ukatoka mkojo wa mililita 1,400. Ultrasaundi ilionyesha tezi dume imekua. Siku ya tatu mpira ukatolewa, akashindwa tena, ukarudishwa. Jirani anatushauri tuubane kwa saa kadhaa kila siku ili kibofu kizoee kazi. Ni sahihi? Na kibofu kitapona? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, na pole kwa kumuuguza mzee. Msiubane mpira.

Kibofu cha mtu mzima kikifika mililita 500 hivi, mwenyewe hakai tena. Cha baba kilibeba karibu mara tatu ya hapo, na msuli wake ukalegea kama lastiki ya kaptula iliyovutwa sana. Msuli wa namna hiyo hupata nguvu ukikaa bila mzigo. Kuubana mpira ni kuuvuta msuli upya, tena mkojo unaotuama huzaa wadudu.

Kwa hiyo siku 3 zilikuwa chache. Mkojo ukizidi lita 1, wengi wetu tunauacha mpira wiki 2 au zaidi kabla ya kujaribu. Muda huo mlango wa kibofu nao unatakiwa ulegezwe: mwulize daktari wake kama baba yuko kwenye tamsulosini ya mililigramu 0.4, mara moja kwa siku baada ya chakula. Inaweza kushusha presha anaposimama, basi akiamka usiku akae kwanza ukingoni mwa kitanda. Finasteride hupunguza ukubwa wa tezi, lakini huchukua miezi, kwa hiyo peke yake haitamwokoa wiki hii.

Sasa kagueni dawa zake zote, hata za dukani. Piriton, dawa za mafua zenye pseudoephedrine, amitriptyline na dawa kali za maumivu kama tramadol huzuia mkojo. Kagueni na choo. Kinyesi kigumu kilichojazana kwenye utumbo wa mwisho husukuma njia ya mkojo, na hili husahaulika mno. Papai, mboga na maji husaidia. Asipopata choo siku 3, aombewe dawa ya kulainisha.

Mpira ukiwa ndani, mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu lakini usiguse sakafu, na umwagwe unapojaa theluthi mbili. Mpira ufungwe pajani usivutike. Mkojo ukikoma kutiririka, tafuteni kwanza palipojikunja au kama ameulalia. Mkojo wenye harufu tu, bila homa wala maumivu, si sababu ya antibiotiki: mpira uliokaa wiki kadhaa huwa na bakteria hata mgonjwa akiwa mzima.

Siku ya kuutoa iwe asubuhi, kliniki ikiwa wazi. Anywe kikombe cha mililita 200 kila saa, asikimbilie lita 2 kwa mkupuo. Kila anachokojoa kipimwe kwenye jagi lenye alama na kuandikwa. Akae chooni, apumue, asijikamue. Baada ya kukojoa, ultrasaundi ipime kilichobaki: chini ya mililita 150 ni dalili njema, zaidi ya 300 mara nyingi hatujaridhika. Na matone yanayodondoka yenyewe msiyahesabu kama nafuu, kwani huenda ni kibofu kilichojaa kinachofurika. Saa 4 hadi 6 zikipita bila mkojo, arudi.

Akishindwa mara ya pili, njia hazijaisha. Anaweza kufundishwa kujitoa mkojo kwa mpira mwembamba mara 4 hadi 6 kwa siku, bila kuruhusu ujae zaidi ya mililita 400, na wapo ambao kibofu hurudi baada ya wiki au miezi ya kufanya hivyo. Upasuaji wa tezi hufungua njia, lakini msuli uliochoka huenda ukahitaji muda zaidi hata baada yake. Kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, ipimwe sasa. PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, isubiri wiki 6 hivi, kwani kuziba mkojo na kuwekewa mpira huipandisha bure.

Msisubiri kliniki akiwa na homa na kutetemeka, akichanganyikiwa ghafla, mpira ukiziba kwa mabonge ya damu, au miguu ikidhoofika na makalio kufa ganzi. Hiyo ya mwisho huweza kuwa uti wa mgongo umebanwa, na inahitaji hospitali siku ile ile.