Rivolva ya .45 ACP: angalia kwanza risasi inashikwa na nini

Mkuu, umeuliza kwa nini rivolva ya Colt M1917 uliyoachiwa na baba mkwe wako huko Ohio inapiga risasi za .45 ACP lakini maganda yanagoma kutoka, na kama unaweza kutumia pia zile boksi nyingine zilizoandikwa .45 ulizozikuta kabatini. Ninayo ya aina hiyo hapa Texas, mwaka wa tisa sasa, na swali lako ndilo nililoanza nalo mimi.

Risasi ya rivolva ya kawaida, kama .38 Special, kitako chake kina ukingo uliotokeza nje. Ukingo huo unaizuia isizame ndani ya chemba (tundu la silinda risasi inamokaa), na ndio unaokamatwa na nyota ya kutolea maganda unaposukuma fimbo. Risasi ya .45 ACP ilitengenezwa kwa bastola ya magazini, kwa hiyo kitako chake ni sawa na mwili wa ganda na nyota haina pa kushika. Mwaka 1917 Marekani ilipoingia Vita Kuu ya Kwanza, bastola za M1911 hazikutosha, Colt na Smith & Wesson wakaombwa watoe rivolva zinazotumia risasi hiyo hiyo. Dawa ikawa klipu, yaani kibati chembamba cha chuma chenye umbo la nusu mwezi kinachobana risasi tatu kwenye mfuo wa kitako. Vibati viwili vinajaza silinda. Siku hizi kuna cha mwezi mzima, zote sita kwa pamoja, na ndicho ninachotumia.

Sasa hapa ndipo nakuomba usome polepole. Colt za mwanzo kabisa zilichimbwa chemba iliyonyooka, haina ngazi ndani. Bila klipu, risasi inazama mbele na pini haiifikii vizuri. Za baadaye zikawekwa ngazi ambayo mdomo wa ganda unaegemea; Smith & Wesson walikuwa nayo tangu mwanzo. Kwa kuwa yako inalipua bila klipu, inaelekea ni ya baadaye, lakini usinichukulie mimi kama ushahidi: toa risasi zote, fungua silinda, mulika tochi ndani ya chemba utafute hiyo ngazi.

Hata ukiiona, nunua klipu. Mimi miezi ya kwanza nilikuwa nasukuma ganda moja moja kwa penseli, nikaona sawa tu. Siku moja risasi moja ikagoma kulipuka, nikabaki kwenye uwanja wa shabaha na penseli mkononi, upande wa pili kuna risasi nzima ambayo fataki yake (kiwashio cha kwenye kitako) imeshagongwa. Nilingoja muda mrefu silaha ikiwa imeelekea shabahani, mikono ikitetemeka. Sikurudia tena.

Kama klipu zinakuudhi, tafuta .45 Auto Rim. Kiwanda cha risasi cha Peters kiliitoa mwaka 1920 kwa ajili ya rivolva hizi hasa: ni kama .45 ACP iliyoongezewa ukingo mnene, mnene kiasi cha kujaza nafasi ambayo klipu ingekaa. Inaingia bila kibati na inatoka kwa fimbo.

Boksi zako nyingine: .45 Colt si ndugu yake, ni jina tu linafanana. Ganda lake lina karibu milimita 33, la ACP halifiki 23. Iweke pembeni. Ninayoiogopa zaidi ni .45 Super, kwa sababu urefu wake ni ule ule wa ACP, inaingia bila kulalamika, ila presha yake iko juu mno kwa chuma cha zaidi ya miaka mia. Hata ACP yenye alama ya +P, yaani yenye presha kuliko ya kawaida, mimi siiweki kwenye 1917.

Kuna aliyesema hapo juu kwamba Smith & Wesson 610 yake, rivolva ya risasi za 10mm, inapiga pia .40 ambayo ganda lake ni fupi zaidi, kwa hiyo urefu wa ganda si hoja. Ni kweli inapiga, lakini kwa sababu klipu ndiyo inayoishika kwa nyuma. Toa klipu, .40 itazama mbele zaidi ya milimita tatu. Rivolva ya Ruger Blackhawk yenye silinda mbili za kubadilishana, moja ya .45 Colt na moja ya .45 ACP, nayo haihitaji klipu kwa sababu fimbo yake inapita ndani ya chemba kutoka mbele na kusukuma ganda moja moja.

Klipu zenyewe zina tabia. Mifuo ya maganda hailingani kati ya kiwanda na kiwanda. Klipu niliyoinunua kwa maganda ya aina moja, kwenye mengine risasi zilicheza kama jino bovu, fataki zikaanza kugongwa nusu. Tangu hapo klipu na maganda yake nayaweka boksi moja. Na iliyopinda hata kidogo inakwamisha silinda. Ilaze juu ya kioo: ikiyumba, itupe.

Ukishamulika chemba, rudi utuandikie ulichoona, pamoja na maandishi ya kwenye vitako vya zile risasi za kabatini, moja moja. Kabla ya hapo usipige hata moja kati ya hizo.