Mzungumzaji wa pili amegusa wapi?

Nilipokuwa najiandaa na LSAT, mtihani wa kuingia vyuo vya sheria vya Marekani na Kanada, yaliyonitoa jasho ni maswali ya watu wawili wanaojibizana. Mmoja anatoa hoja, mwingine anamjibu, nawe unaulizwa amemjibu kwa njia gani. Mazungumzo nilikuwa nayaelewa vizuri tu. Nikifika kwenye majibu matano ya kuchagua, napotea.

Shida yangu ilikuwa kudhani kwamba kila anayejibu anakanusha hitimisho. Tazama mfano huu niliojitungia:

Asha: Tangu kamera za mwendokasi zifungwe barabara hii, ajali zimepungua. Kwa hiyo kamera ndizo zilizozipunguza.
Juma: Lakini miezi hiyohiyo daraja lilikuwa limefungwa, na magari yaliyopita hapa yalikuwa machache.

Juma hajasema ajali hazikupungua. Hajasema kamera hazifai. Ameleta sababu nyingine inayoweza kueleza upungufu uleule, basi. Ushahidi kauacha ulivyo. Alichokilegeza ni kamba inayoufunga kwenye hitimisho. Mimi wa enzi zile ningechagua "anathibitisha kuwa hitimisho la Asha ni la uongo" na kusonga mbele kwa raha zangu.

Kilichonisaidia ni kutosoma majibu kwanza. Najiuliza mambo mawili: huyu wa pili amekubali nini, hata kwa kunyamaza? Na amegusa wapi? Ndipo nayasoma majibu neno kwa neno, maana mtego mara nyingi uko nusu ya pili ya sentensi. "Anatilia shaka usahihi wa takwimu": kutilia shaka, sawa, takwimu, hapana. Linaanguka lote.

Dakika 35 za sehemu moja ni chache, najua, lakini sekunde kumi za kujiuliza hivyo zilinipunguzia kurudiarudia majibu. Na tangu Agosti 2024, mafumbo ya kupanga vitu yalipoondolewa, sehemu za hoja zenye alama ni mbili, kwa hiyo aina hii ya swali haikwepeki.

Aina moja bado hunikwaza: mzungumzaji wa pili anapokubali hitimisho lakini akakataa sababu iliyotolewa. Anasikika kama mpinzani, kumbe wako upande mmoja. Hapo hurudi kusoma sentensi yake ya mwisho mara mbili.