Konrodi za kufuliwa kwenye injini ya tabo: pima toki kabla ya kununua

Wenye magari ya tabo (kifaa kinachosukumia injini hewa ya ziada) huniuliza swali lile lile: konrodi za kiwandani, zile fimbo zinazounganisha pistoni na kranki, mhimili unaozunguka chini, zinahimili nguvu farasi ngapi? Nami huwauliza: hizo nguvu unazipata kwenye mizunguko mingapi kwa dakika? Konrodi inapambana na mambo mawili tu, shinikizo la mwako linaloikandamiza kutoka juu, na uzito wa pistoni unaoivuta pale injini inapozunguka kwa kasi. Mambo hayo hayazidi kwa pamoja, na kila moja lina namna yake ya kuua injini.

Chukua silinda yenye kipenyo cha milimita 86 na mwendo wa pistoni wa milimita 86, vipimo vya injini za 2JZ ya Toyota na SR20 ya Nissan. Shinikizo likifika bar 100, pistoni inasukumwa chini kwa nguvu ya karibu tani 6, na mzigo wote huo unapita kwenye konrodi. Ni kama fimbo ya kutembelea: ikiwa imenyooka inakubeba siku zote, lakini ikishaanza kujipinda kidogo haikupi nafasi ya pili.

Sasa tazama hesabu inayowapotosha wengi. Injini yenye nguvu farasi 300 kwenye mizunguko 6,500 kwa dakika inatoa toki (nguvu ya kuzungusha, hupimwa kwa Nm) ya takriban Nm 325 hapo. Lakini tabo ndogo inayojaa mapema inaweza kuipa injini hiyo hiyo Nm 450 kwenye mizunguko 3,000, ambapo mashine ya kupimia nguvu itaandika nguvu farasi 190 na ushei. Mwenye gari akiona 190 anatulia, kumbe hapo ndipo konrodi zake zinapokandamizwa kuliko mahali pengine popote. Ndiyo sababu utakuta gari lenye tabo kubwa inayochelewa kuamka linaishi miaka na konrodi za kiwandani, huku jirani yake mwenye nguvu pungufu na tabo ndogo amepinda konrodi mbili.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhitaji kufungua injini. Mwambie fundi anayekutunia gari, yaani anayepanga mipangilio ya kompyuta yake, apunguze busti (shinikizo la hewa ya tabo) chini ya mizunguko 3,500 hivi, kisha aiachie ipande taratibu. Utapoteza ule mrusho wa ghafla ambao marafiki hupenda kuusikia mgongoni. Nguvu ya juu itabaki ile ile. Kuna watu waliokuja kwangu wakiwa na orodha ya vipuri mkononi, na baada ya kurekebisha mpangilio wa busti kwenye kompyuta tu hawakuhitaji tena kununua chochote.

Jambo la pili ni kujua injini yako inaanzia kuvunjika wapi. Ile injini ya 1.8T ya zamani ya Volkswagen inajulikana kwa konrodi nyembamba, na wajenzi wengi huogopa kuvuka Nm 400 bila kuzibadilisha. Kwenye EJ257 ya Subaru, kwa upande mwingine, kinachotangulia kusalimu amri kwa kawaida ni pistoni: kingo zinazoshika ringi (pete za pistoni) hupasuka injini inaponoki, yaani mafuta yanapojiwasha ovyo kwa mshindo. Ukiweka konrodi za kufuliwa (zilizoundwa kwa kugonga chuma cha moto) chini ya pistoni za namna hiyo umeimarisha kiungo ambacho hakikuwa kinalalamika. Na 2JZ-GTE, ile 2JZ yenye tabo, ilitoka kiwandani na konrodi zinazobeba nguvu kubwa kiasi kwamba wengi huzibadilisha kwa mazoea tu.

Tena, neno "za kufuliwa" lisikubabaishe. Konrodi nyingi za kiwandani zimefuliwa pia, ama kwa feleji ya kawaida ama kwa unga wa chuma uliogandamizwa. Unachonunua ni feleji bora zaidi, mara nyingi ya daraja la 4340 yenye nikeli, kromi na molibdeni, mwili mnene, na bolti nzuri.

Na kunoki hakutibiwi na konrodi. Niseme wazi, maana nimewahi kumsikia mtu akijisifu kwamba sasa anaweza kutumia mafuta ya oktani ndogo (yanayonoki upesi) kwa sababu "ndani kumefuliwa". Injini ndogo za tabo zenye sindano zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda zina hatari nyingine tena: mchanganyiko kuwaka kabla ya cheche, kwenye mizunguko ya chini na mzigo mkubwa. Pigo moja la namna hiyo linaweza kupasua pistoni. Oili ina mchango mkubwa hapo, ndiyo maana mwaka 2018 kikaletwa kiwango cha API SN Plus, kikafuatwa na API SP mwaka 2020. Soma kopo kabla hujamwaga.

Turudi kwenye kuvutwa. Pistoni, pini na ringi pamoja na sehemu ya juu ya konrodi zikiwa na uzito wa nusu kilo, kwenye mizunguko 7,000 ya injini yetu ya milimita 86 konrodi inavutwa kwa nguvu ya karibu tani 1.5 pistoni inapogeuka kule juu. Ukienda 8,000 inakaribia tani 2, kwa sababu mzigo huu unakua kwa mraba wa kasi. Hali mbaya zaidi ni mwisho wa pigo la kutoa moshi, kwa kuwa hakuna shinikizo la kuipunguza pistoni mwendo, na wanaoizuia isiruke ni bolti mbili. Konrodi iliyopinda mara nyingi hukupa muda wa kulizima gari. Bolti ikikatika, konrodi inatoka kwa ubavu wa bloki.

Ndiyo maana mimi huanza kusoma bolti kabla ya kutazama umbo la konrodi. ARP2000, 8740 na L19 ni aina za chuma cha bolti. ARP2000 ni imara kuliko 8740, na kwa gari la barabarani inatosha kabisa. L19 ni kali zaidi lakini haipatani na unyevu: hata jasho la vidole linaweza kuianzishia kutu na ufa, kwa hiyo si ya fundi mwenye haraka. Wapo wanaoshauri kubadilisha bolti peke yake na kuacha konrodi za kiwandani. Inawezekana, ila bolti mpya inabana kwa nguvu tofauti na jicho kubwa la konrodi (tundu la chini linaloshika kranki) hupoteza uduara wake, hivyo lazima lipimwe na kuchongwa upya. Ukishajumlisha kazi hiyo, konrodi mpya huonekana si wazo baya.

Mjadala wa umbo la H na umbo la I (jinsi mwili wa konrodi unavyoonekana ukikatwa) nitaupita haraka. Yote mawili hufanya kazi yakitengenezwa vizuri. Umbo la I lenye mwili mnene husifiwa kwa kuhimili toki kubwa, na la H kwa kuwa imara bila kuongeza uzito mwingi. Kwa gari la mtaani, chagua mtengenezaji anayetoa karatasi ya vipimo inayoeleweka.

Zikifika, usizifunge. Zipime. Konrodi zilizokuja kwenye sanduku zuri nazo hupimwa. Funga kofia (nusu ya chini ya jicho kubwa) kwa nguvu kamili bila beringi, kisha pima jicho kubwa kwa pande kadhaa. Rudia ukiwa umeweka beringi, halafu linganisha na kipimo cha pini ya kranki. Kanuni ya zamani ni nafasi ya sehemu moja kwa elfu ya kipenyo, yaani kranki ya milimita 48 inataka karibu milimita 0.05. Injini ya tabo inaweza kupewa kidogo zaidi, mradi oili na pampu viendane nayo. Angalia pia pini ya pistoni: konrodi nyingi za kununua zinatumia pini inayoelea (inayozunguka huru na kushikwa na klipu), wakati kiwandani pengine ilikuwa ya kubanwa kwenye konrodi, na hapo pistoni zako za zamani hazina mifereji ya klipu.

Kisha zungusha kranki kwa mkono, polepole, silinda moja baada ya nyingine. Konrodi nene hupenda kugusa nozeli za kurushia oili chini ya pistoni, au ukingo wa chini wa silinda.

Kwenye kufunga bolti, spana ya toki inapima msuguano pamoja na mkazo, na msuguano hubadilika kwa kila kilainishi. Kipimo cha kuaminika ni urefu. Pima bolti ikiwa huru, paka grisi iliyotajwa na mtengenezaji, kaza hadi ifikie mrefusho ulioandikwa kwenye karatasi, ambao kwa bolti nyingi ni kama milimita 0.15. Andika urefu wa kila bolti kwenye daftari. Siku ukifungua tena injini, iliyobaki ndefu kwa milimita 0.025 au zaidi kuliko mwanzo imechoka, itupe.

Kama unashuku za sasa zimeshapinda, huhitaji kubahatisha. Hedi ikiwa imetoka, peleka kila pistoni juu kabisa na upime imebaki chini ya uso wa bloki kwa kiasi gani. Inayokaa chini kuliko wenzake inasimulia kila kitu, na mara nyingi ndiyo silinda iliyosoma kompresheni ndogo wakati gari bado linawaka vizuri.

Baada ya kuwasha, usikimbilie busti kamili. Tembeza kwa mzigo unaobadilika, panda na shuka, ringi zikae. Badilisha oili mapema, na kata kichujio ukitandaze karatasi yake kwenye mwanga. Chenga chache laini mwanzoni si ajabu. Ukiona vipande bapa vinavyong'aa ambavyo sumaku haivivuti, hizo ni beringi. Fungua sampu (bakuli la oili chini ya injini) kabla hujawasha tena.