Gesi isiishe kabla ya wageni

Ndugu, umeuliza kwa nini kinywaji chako cha matunda kisicho na kileo kinapoteza gesi kabla wageni hawajakaa. Mara nyingi kosa ni joto. Gesi hukaa vizuri kwenye maji baridi; yakipata joto, inatoka. Kwa hiyo juisi na maji ya soda vyote vilale kwenye friji, na glasi pia ukiweza.

Halafu chuja juisi vizuri. Nyuzinyuzi za nanasi au embe zinafanya povu lifurike, kisha gesi inaisha. Tanguliza juisi theluthi moja ya glasi, mimina soda taratibu huku umeinamisha glasi, geuza kijiko mara moja tu. Na usichanganye jagi zima mapema, tafadhali! Changanya wageni wakishafika.

Badala ya barafu nyingi tumia zabibu zilizogandishwa, hazizimui ladha. Mimi hupenda kuongeza shira ya tangawizi: sukari na maji kipimo sawa, chemsha na tangawizi iliyopondwa, chuja, iache ipoe kabisa. Ule ukali wake kooni ndio unaokifanya kinywaji kiwe cha sherehe kweli.