Kabla ya Kuichangia Shule, Msikilize Mtoto Akisoma

Nimefundisha shule ya msingi kwa miaka mingi, jioni nikifundisha kisomo cha watu wazima, na baadaye nikaingia kwenye kamati ya shule. Kwa sababu hiyo, kila anayepata ajira nzuri na kila kikundi kinachokusanya michango huniuliza swali lile lile: tunataka kusaidia elimu, tuanzie wapi? Wengi huja na jibu lao tayari. Wanataka kupaka rangi madarasa, kununua kompyuta, kupanda miti. Sina ugomvi na rangi. Ila huwa nawaomba kwanza waingie darasa la nne na kitabu cha darasa la pili mkononi, wampe mtoto yeyote wa kawaida (si yule anayetangulizwa mbele kila wageni wanapofika) asome aya moja, kisha aeleze kwa maneno yake mwenyewe kilichoandikwa pale.

Wageni wengi hutoka wamenyamaza.

Hali hii si ya shule moja. Mwaka 2022 Benki ya Dunia, pamoja na UNESCO, UNICEF na wadau wengine, ilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, watoto 7 kati ya 10 wanafika umri wa miaka 10 bila kuweza kusoma na kuelewa maandishi mepesi. Wengi wa watoto hao wako shuleni. Majina yao yanaitwa kila asubuhi, madaftari yao yamejaa. Ukiyafungua utaona mwandiko safi kabisa, umenyooka mstari kwa mstari, ila aliyeuandika hawezi kuusoma. Amenakili ubaoni kama anayechora ua.

Wasiowahi kufundisha hushangaa mtoto anawezaje kufika darasa la nne katika hali hiyo bila mtu kugundua. Inawezekana kirahisi sana. Mtaala una ratiba yake na mwalimu hupimwa kwa kuumaliza. Mtoto aliyeugua au aliyekosa masomo kipindi kile herufi zilipokuwa zikifundishwa anakuta wenzake wameshafika kwenye sentensi, naye hakuna siku iliyotengwa ya kumrudisha nyuma. Basi anajifunza kujificha. Darasa likiitikia kwa pamoja, naye anaitikia. Ukurasa ukisomwa mara nyingi anaukariri, na ukimwambia asome atausoma wote huku macho yake yako kwenye picha. Ukitaka kujua ukweli, mwanzishe na sentensi ya mwisho, au mwekee kidole kwenye neno la katikati ya mstari. Usifanye hivyo mbele ya wenzake. Aibu ya siku moja inaweza kumfunga mdomo mwaka mzima.

Kipimo chenyewe hakihitaji mtaalamu. Nchini India, utafiti uitwao ASER umekuwa ukikitumia tangu mwaka 2005, nao mpango wa utafiti uitwao Uwezo ukakichukua kwa Kenya, Tanzania na Uganda. Mtoto anaonyeshwa herufi, kisha maneno, kisha aya fupi, kisha hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Pale anapokwama ndipo alipo. Kazi ya dakika chache tu, na mtu yeyote anayejua kusoma anaweza kuifanya akishaelekezwa. Faida yake kubwa ni kwamba inakwambia la kufanya kesho yake. Shirika la Pratham la huko huko India lilijenga mbinu nzima juu ya hilo: kwa muda fulani wa siku, watoto wanapangwa kwa kiwango chao cha kusoma badala ya umri au darasa, wanafundishwa kuanzia pale walipo, na anayepanda anahamishiwa kundi la juu. Nimeifanya kwa namna yangu, na shida niliyoiona ilikuwa kwa wazazi zaidi kuliko watoto. Mzazi akisikia mtoto wa darasa la tano amekaa na wa darasa la tatu, anakuja juu. Zungumzeni naye kabla hamjaanza.

Sasa, je, majengo hayana maana? Yana maana kubwa pale yasipokuwepo. Kati ya mwaka 1973 na 1978, Indonesia ilitumia sehemu ya mapato yake ya mafuta kujenga shule za msingi zaidi ya 61,000. Miaka mingi baadaye mwanauchumi Esther Duflo, mmoja wa washindi wa Nobeli ya uchumi mwaka 2019, alilinganisha waliokuwa wadogo vya kutosha kuingia shule hizo na waliokuwa wameshapita umri kidogo. Wadogo walisoma zaidi na walipoanza kazi walilipwa vizuri zaidi. Kwa hiyo mtoto asiye na shule karibu, mjengeeni shule. Lakini wachumi wengine, Eric Hanushek na Ludger Woessmann, walipolinganisha nchi na nchi waliona kwamba ukuaji wa uchumi unafuatana zaidi na kile wanafunzi wanachokijua kuliko idadi ya miaka waliyokaa darasani. Mimi naona mambo haya mawili hayapingani. La kwanza linahusu mlango wa darasa, la pili linahusu kinachoendelea mlango ukishafungwa, na wafadhili wengi huishia mlangoni.

Kwa watu wazima mambo huwa wazi zaidi, kwa sababu mtu mzima hapotezi jioni yake kwa kitu kisichomsaidia. Sijapata mwanafunzi wa kisomo aliyekuja kwa sababu elimu ni haki yake, ingawa ni haki yake kweli. Mmoja anataka kusoma ujumbe wa simu bila kumpa mtu mwingine simu yake. Mwingine amechoka kuweka dole gumba kwenye mkataba wa mkopo asiojua unasema nini. Mfanyabiashara mdogo anataka kuandika nani anadaiwa na kiasi gani, maana kichwa kimejaa na wadaiwa wanajua hilo. Wakufunzi wenzangu, na yeyote anayetaka kugharimia darasa la namna hiyo: anzeni na karatasi ambazo watu hao tayari wanazo majumbani. Fomu, risiti, kadi ya kliniki, maelekezo ya dawa. Kitabu cha watoto chenye picha ya mpira kinamdhalilisha mtu mwenye wajukuu, naye hatarudi wiki ijayo.

Hiyo kadi ya kliniki nimeitaja kwa makusudi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la kitabibu la Lancet ulichunguza kupungua kwa vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano duniani kati ya 1970 na 2009. Makadirio yake yalikuwa kwamba zaidi kidogo ya nusu ya upungufu huo inaweza kuhusishwa na kuongezeka kwa elimu ya wanawake walio katika umri wa kuzaa. Ukiwa na fedha kidogo na hujui uzielekeze wapi, darasa la wasichana walioacha shule ni mahali pazuri pa kuanzia.

Nije kwenye miti, maana hapo ndipo ninapogombana na watu. Tangu mkutano wa mwaka 1977 uliofanyika Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, uliokuwa mkutano wa kwanza wa serikali mbalimbali kuhusu elimu ya mazingira, mawazo yamekuwa kwamba mwanafunzi ajue mazingira yake na pia aweze kuchukua hatua. Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2015 yakaliweka jambo hilo ndani ya lengo la nne, lile la elimu. Mashuleni limegeuka kuwa siku moja ya kupanda miche. Wageni wanakuja, miche inapandwa, shule inafungwa kwa likizo, miche inakauka. Watoto wamejifunza somo pale pia, tena baya: kwamba mazingira ni sherehe.

Linganisha na kilichotokea Desemba 2004, tetemeko la chini ya bahari liliposababisha tsunami katika Bahari ya Hindi. Tilly Smith, msichana Mwingereza wa miaka 10, alikuwa na familia yake ufukweni Phuket, nchini Thailand. Majuma mawili kabla alikuwa amefundishwa kuhusu tsunami katika kipindi cha jiografia. Alipoona bahari inatoa povu na kwenda isivyo kawaida, alilitambua somo lake na kusisitiza mpaka watu wakaondolewa ufukweni. Siku hiyo hiyo, kwenye kisiwa cha Simeulue huko Indonesia, karibu kabisa na kitovu cha tetemeko, watu walikimbilia vilimani bila king'ora wala afisa wa kuwaamuru. Wazee wao walikuwa wamenusurika wimbi la mwaka 1907 na kuwarithisha wajukuu simulizi na tungo za smong, jina la tsunami katika lugha yao: ardhi ikitikisika sana na bahari ikirudi nyuma, panda juu. Kati ya watu karibu 78,000 wa kisiwa kile walikufa 7, wakati kwenye pwani jirani ya Aceh, katika kisiwa kikubwa cha Sumatra, walikufa watu zaidi ya laki moja.

Mmoja alifundishwa na mwalimu, wengine na bibi na babu. Masomo yote mawili yalikuwa mafupi, yalitaja dalili ya kuangalia na hatua ya kuchukua. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia kwa somo lolote la mazingira: mtoto ataona nini, na akikiona atafanya nini? Ukikosa jibu, somo hilo ni mapambo. Na msiwaache wazee nje ya geti. Mahali popote kuna mtu anayekumbuka mafuriko yalifika wapi mara ya mwisho na mto ulipita wapi kabla haujahama. Aitwe darasani, watoto waandike anachosema, kisha walinganishe na ramani.

Kwa shule yenye bomba linalovuja, msikimbilie kumwita fundi kabla watoto hawajalipima. Bomba linalojaza lita moja kila dakika 10 linamwaga lita 144 kwa siku. Darasa la tano linaweza kupiga hesabu hiyo, likapeleka barua kwa mwalimu mkuu, na bomba likishatengenezwa likapima tena. Hapo kuna hisabati, uandishi na uraia kwa gharama ya ndoo moja. Hata miche ifanyiwe hivyo: ipandwe michache, kila kundi liwe na wake, urefu upimwe kila mwezi, na iliyokufa iandikwe imekufa kwa nini.

Kuhusu kompyuta nina maswali mawili tu. Nani atalipia umeme, na nani atazitengeneza? Mkiwa na majibu, nunueni.

Fedha zikishapatikana, mimi huzipendekezea vitabu ambavyo watoto wanaruhusiwa kwenda navyo nyumbani (vitachakaa na vingine vitapotea, wekeni hilo kwenye bajeti), na malipo ya haki kwa anayefundisha kipindi cha ziada cha waliobaki nyuma. Pimeni kusoma kabla hamjaanza. Baada ya muhula mmoja pimeni tena watoto wale wale, matokeo yabandikwe ubaoni bila majina, yasomwe kwenye kikao cha wazazi. Mzazi asiyejua kusoma asiambiwe akae pembeni. Jioni amwambie mwanawe amsomee ukurasa kwa sauti, na akimaliza amuulize: haya, hapo wamesema nini?