Fundi Anajibu: Karatasi Nyeupe Hadi Adhuhuri

SWALI: Shikamoo fundi. Nina miaka 19, najifunza useremala hapa Malindi. Kuranda na kuunga sina taabu. Lakini mteja akisema "nibunie kitu," nakaa na penseli hadi adhuhuri, karatasi nyeupe. Mwenzangu aliyeanza juzi anachora papo hapo. Je, sikujaliwa kipaji? Niache?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo karatasi iondoe kwanza. Mimi hapa Lamu naanza na ubao wenyewe.

Mwaka jana nilipata ubao wa bambakofi, mti mgumu, wa kuchonga kizingiti cha juu cha mlango. Nilishaamua waridi la nakshi likae katikati. Nikaranda, likatokea fundo jeusi, ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini, vidole vitatu kulia kwa katikati. Siku tatu nauzunguka ubao, hata chai hainishuki. Ya nne niko gatini nangojea mzigo wa misumari, nikaona kamba ya mashua ilivyozungushwa nguzoni. Pale pale nikajua: shina lizunguke fundo, waridi lihame. Nikatoka mbio, misumari nikaiacha. (Ilipotea. Nyumbani bado nasimangwa.)

Tangu mji wetu uingie kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, wageni hawaishi kupiga picha milango na kusifu vipaji. Haya. Lakini bila zile siku tatu, kamba ile ingekuwa kamba tu. Na marehemu baba alinichongesha waridi moja kwenye vipande vibovu hadi nikalichukia: fungua bikari nusu ya kipenyo, itembeze ukingoni mwa duara, itatua mara sita sawasawa, petali sita hizo. Ndiyo maana nilijua shina litapinda wapi bila mbao kubanduka.

Kipaji kipo, sikufichi. Ndugu yangu alikuwa na mkono mwepesi kuliko wangu. Leo ana duka la simu. Na wazo la ghafla nalo hudanganya. Usiku mmoja nilichora jahazi zima kwenye mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, nikalala nikijisifu. Asubuhi natazama: mfaa wenyewe upana wa kiganja, jahazi limekuwa sindano. Nikalipitisha randa.

Huyo mwenzako muulize alichochora kakiona wapi. Na mteja akija tena, mwombe vipimo vya mlango, uone ubao utakaotumia, kisha umwambie arudi baada ya siku nne.