Pesa za utafiti wa chakula na kilimo: kwa nini maombi hukataliwa

Swali: Salamu kwenu. Kikundi chetu huzoa matunda yaliyooza soko la Kongowea, tukafugia mabuu ya inzi askari mweusi, wale ambao wafugaji wengi huwaita BSF, kisha tukawalisha kuku badala ya dagaa. Tumeomba ruzuku ya utafiti ya serikali mara mbili, na mara zote tumekosa. Tatizo ni nini? *Mwenyekiti wa kikundi, Kisauni*

Jibu: Yaelekea mliomba mtaji wa biashara kwenye mfuko wa utafiti. Mfuko wa Taifa wa Utafiti wa Kenya, NRF, uliotokana na Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013, hugharamia swali ambalo jibu lake halijapatikana. "Tununulieni kikaushio na tuktuk" si swali. "Mabuu waliokula taka za Kongowea wanaweza kushika nafasi ya nusu ya dagaa bila kuku wa nyama kupungua uzito?" Hilo ndilo swali.

Kikundi pia hakifiki mbali peke yake. Tafuteni mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, au kituo cha Mtwapa cha KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, awe kiongozi wa ombi nanyi muwe washirika kwa barua iliyotiwa sahihi. Yeye ndiye atakayeshughulikia kibali cha kamati ya maadili na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu.

Sasa jaribio lenyewe, maana hapa ndipo maombi mengi hufia. Tengenezeni vyakula vinne: cha dagaa bila mabuu, kisha vya mabuu kushika robo, nusu na nafasi yote ya dagaa. Kila chakula kipewe vizimba vinne vya vifaranga kumi kumi. Jumla vifaranga 160. Wengi huweka vifaranga 40 wa chakula kimoja katika banda moja. Chombo cha maji kikivuja humo, hakuna atakayejua kama kuku walidumaa kwa chakula au kwa sakafu mbichi, na katika hesabu mnabaki na kipimo kimoja tu badala ya vinne. Vizimba vigaweni kwa kura, kwani upande unaopigwa na upepo wa bahari huwa na baridi zaidi.

Msibadilishe kilo kwa kilo. Mabuu wakavu huwa na protini kama asilimia 40, na dagaa mzuri huwa juu ya hapo. Vyakula vyote vinne vilingane protini na nguvu, la sivyo mtakuwa mnalinganisha viwango vya protini, si mabuu na dagaa. Pimeni kila fungu la mabuu maabara, maana mafuta na protini yao hufuata walichokula.

Mabaki ya tikiti na embe yana maji mengi. Yachujeni, mchanganye na pumba za ngano hadi ukikamua konzi moja litoke tone moja au mawili kati ya vidole. Kina kwenye trei kisizidi sentimita 7. Kikizidi, joto la katikati hupanda na mabuu huanza kutoroka. Kilo 10 za mabuu mabichi hutoa takriban kilo 3 za makavu. Yakausheni hadi unyevu uwe chini ya asilimia 10, kwa kuwa hewa ya Pwani huyavundisha haraka na mafuta yake huchacha.

Pimeni uzito siku ya kwanza, kisha kila wiki hadi wiki ya sita. Pimeni chakula kilichowekwa na kilichobaki, na mwandike kila kifo na tarehe yake.

Kwenye bajeti, gharama za maabara husahaulika mara nyingi, ilhali posho hujazwa hadi mkaguzi anashtuka. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na pesa huweza kuchelewa. Msiingize vifaranga kabla chakula cha wiki zote sita hakijawa tayari: hesabuni kama kilo 700. Awamu ya pili ya pesa hungoja hesabu za ya kwanza, na mali bila daftari hupotea bila habari.

Hata hivyo, kukataliwa si lazima kuwe kosa lenu. Sheria hiyo ya 2013 iliahidi mfuko asilimia 2 ya pato la taifa, na kinachotolewa ni kidogo mno kuliko hapo. Jambo hili linatuuma, kwa sababu mapendekezo mazuri ya chakula hubaki makabatini.

Swali: Nimeunda kikaushio cha jua cha mabuu. Nikishirikiana na chuo, si watakichukua? *Fundi, Changamwe*

Jibu: Andikianeni mkataba kabla ya kumwonyesha mtu mchoro, mkitaja nani anamiliki nini na mapato yatagawanywaje. Kwa kifaa kilichoboreshwa, ulizia KIPI, taasisi ya taifa inayosajili hataza, kuhusu cheti cha muundo wa matumizi (utility model). Hudumu miaka 10, na masharti yake ni mepesi kuliko ya hataza (patent), ambayo hudumu miaka 20. Kwa kukifikisha sokoni, ofisi ya kuulizia ni KENIA, wakala wa taifa wa ubunifu, si NRF.

Swali: Kaunti haina fungu la utafiti wa kilimo? *Mfugaji wa samaki, Likoni*

Jibu: Kilimo, mifugo na uvuvi mashinani ni kazi ya kaunti kwa Katiba ya 2010, kwa hiyo mashamba ya majaribio na maafisa wa ugani wanaweza kuwekewa fungu. Lakini wengi huja kulilia Mei, wakati makadirio ya bajeti yameshafika bunge la kaunti. Mwisho wa kuyawasilisha ni Aprili 30. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa huko kufikia Septemba 1. Peleka ombi lako kwa maandishi Julai au Agosti, likiwa na wodi, kiasi na kazi itakayofanywa, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kwa ufugaji wa samaki wa maji ya chumvi, mtaalamu wa KMFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, pale Mkomani akikuandikia maoni ya kitaalamu, yaambatanishe.